Land Rover Series IIA: nifunge alteneta au niifufue dinamo?

Swali: Ndugu zangu, naomba ushauri. Land Rover ya marehemu baba, ya mwaka 1964, bado ina dinamo ya Lucas C40, yaani jenereta ya zamani ya kuchajia betri. Usiku, nikisimama njiani huku injini ikiunguruma taratibu, taa hufifia hadi kuwa na rangi ya chai. Je, nifunge alteneta, jenereta ya kisasa zaidi, badala yake?

Jibu: Kaka, huenda dinamo yako ni nzima, kwani aina hiyo, ambayo kilele chake ni ampea 22 hivi, haichaji vya kutosha injini inapozunguka polepole. Alteneta ya Lucas 17ACR hutoa ampea 36. Ila tazama betri kwanza: magari mengi ya Uingereza ya miaka hiyo yalifungwa ncha chanya ya betri kwenye bodi, na ukiunganisha alteneta ya kawaida bila kugeuza betri, diodi zake (vipitishio vya umeme vya upande mmoja) zitaungua papo hapo.

Jibu: Naongeza kwamba waya wa zamani wa kuchajia ni mwembamba mno kwa ampea 36, kwa hiyo weka mnene zaidi. Taa ya chaji usiiondoe, maana ndiyo inayoiamsha alteneta. Ukigeuza betri, geuza pia nyaya za ammita (kipima mkondo wa umeme) na za koili ya kuwashia injini.

Jibu: Kwa gari la urithi, mimi ningeifungua dinamo kwanza. Brashi (vipande vya kaboni vinavyopokea umeme) zilizokwisha na komyuteta (pete ya shaba ambayo brashi huisugua) iliyopakaa masizi hudhoofisha chaji, na kuzitengeneza ni kazi ya asubuhi moja.

Muulizaji: Asanteni sana. Nimetazama: chanya iko kwenye bodi. Nitaanza na brashi.