Naomba ushauri: sifuri 421 kati ya watu 800, nitumie jaribio gani?

Dodoso_Refu:
Habari wakuu. Niko kwenye tasnifu na nimekwama. Data yangu ni idadi ya mahudhurio ya kliniki ndani ya miezi 3. Watu 800, wastani 1.4, na 421 wana sifuri. Kwa Poisson, modeli ya msingi ya data za kuhesabu, nilitegemea sifuri kama 197 tu. Nikaweka modeli ya sifuri za ziada (ZIP), nikailinganisha na Poisson kwa jaribio la Vuong, la kupima modeli ipi kati ya mbili inafaa zaidi, p ikatoka chini ya 0.001. Nikafurahi. Msimamizi karudisha sura nzima, pembeni kaandika neno moja: "Vuong?" Nimekosea wapi?

mzee_wa_lamda:
Wengi tumepita hapo, usijilaumu. Jaribio la Vuong la 1989, kwa namna ulivyolitumia, ni la modeli mbili ambazo hakuna iliyo ndani ya mwenzake. Poisson imo ndani ya ZIP: uwezekano wa sifuri ya ziada ukiufanya 0, umerudi kwenye Poisson. Na hiyo 0 iko ukingoni kabisa, huwezi kushuka chini yake. Kwa hiyo takwimu uliyopata haifuati mgawanyo wa kawaida, na p yako haina mguu wa kusimamia. Wilson alilieleza hili mwaka 2015, ila watu bado wanakopiana.

Tumia jaribio la skoa la van den Broek (1995), linahitaji kukadiria Poisson peke yake. Ukipenda jaribio la uwiano wa likelihudi (linalopima jinsi kila modeli inavyoifaa data), kumbuka kwamba kigezo kimoja kikiwa ukingoni, kizingiti cha 5% ni 2.71, si 3.84.

binti_binomia:
Mzee, majaribio yako ni sahihi, lakini unamjibia swali ambalo si lake. Dodoso, variansi (kipimo cha mtawanyiko wa data) ni ngapi?

Dodoso_Refu:
5.3

binti_binomia:
Nilijua. Variansi ni karibu mara nne ya wastani, Poisson ilishakufa kabla hujaanza kuhesabu sifuri. Ukiwa na mtawanyiko huo, jaribio lolote dhidi ya Poisson litakuambia "sifuri zimezidi", hata kama hazijazidi.

Piga hesabu ya binomia hasi, modeli inayoruhusu variansi kuzidi wastani, hata kwa kalamu. Alfa, kipimo cha mtawanyiko wa ziada, ni (5.3 − 1.4) ÷ 1.4², kama 2. Uwezekano wa sifuri ni (1 + 2 × 1.4) kwa kipeo cha −1/2, yaani 0.513. Zidisha kwa 800: 410. Wewe una 421. Hizo za ziada ziko wapi?

Dodoso_Refu:
Duh! Miezi miwili nimeandika sura kwa ajili ya sifuri 11.

mzee_wa_lamda:
Nakubali, hapo nimepigwa. Niongeze moja: ukishaweka taarifa za watu kama umri, usichukue wastani wa jumla. Kokotoa uwezekano wa sifuri wa kila mtu, kisha jumlisha. Halafu zalisha data bandia mara 1,000 kutoka kwenye modeli yako, uone 421 inaangukia wapi. Kwenye programu ya takwimu ya R, kifurushi cha DHARMa kinafanya hivyo kwa amri ya testZeroInflation.

kimya_kingi:
Msikimbilie kuizika ZIP. Jaribio haliwezi kukuambia kama kuna watu wasioweza kuhudhuria kabisa. Hilo linatoka kwenye namna data ilivyokusanywa. Wote 800 walifuatiliwa miezi 3 kamili?

Dodoso_Refu:
Hapana mkuu. Kuna 90 hivi walioandikishwa mwishoni, wana mwezi mmoja tu.

kimya_kingi:
Na uliwaweka sawa na wenzao! Mtu wa mwezi mmoja ana nafasi ndogo ya kuhudhuria, sifuri yake haina maajabu. Weka logarithi ya miezi aliyofuatiliwa kila mtu kama ofseti, koefishenti yake ifungwe kwenye 1, kisha anza upya na binomia hasi.

Dodoso_Refu:
Nimerudi. Nimeweka ofseti, umri na jinsia. Alfa imeshuka hadi 1.7, na data bandia 1,000 zinatoa sifuri kati ya 392 na 441 kwa asilimia 95. Yangu 421 imekaa humo humo. Sasa sura ya ZIP niifute, au niiache kama kiambatisho?

binti_binomia:
Futa. Acha aya moja yenye hiyo 392 hadi 441, na jina la Vuong lisionekane.