Olivini au ojaiti? Rangi zinanichanganya kwenye basalti

fuwele_ndogo: Habari wadau, nina kipande chembamba cha basalti (mwamba wa lava) kilichosagwa mpaka kinapitisha mwanga, nakiangalia kwenye maikroskopu ya polaraiza (yenye vichujio vya mwanga). Madini ya plajioklesi nimeyatambua kwa ile mistari yake ya mwanga na giza inayopishana, shida ni zile chembe kubwa, nikiingiza analaiza (kile kichujio cha pili) zote zinawaka bluu, pinki, kijani, nashindwa kujua ipi ni madini ya olivini ipi ni ya ojaiti. Halafu kuna sehemu ni nyeusi tu hata nizungushe steji (meza ya kuwekea kipande) mzunguko mzima, hayo ni madini gani?

kokoto: Kwanza plajioklesi yako ina rangi gani? Inatakiwa iwe kijivu hadi nyeupe. Kama imeenda njano au chungwa basi kipande ni kinene, hakijasagwa kufika mikroni 30 (milimita 0.03), na hapo ojaiti inapanda rangi mpaka inafanana na olivini. Watu wanakimbilia chati ya kutambua madini kwa rangi bila kukagua unene, inaniuma sana.

fuwele_ndogo: Nimecheki, njano kabisa!

kokoto: Basi kisage tena taratibu. Ila hata sasa unaweza kuzitenganisha, toa analaiza uangalie mwili wa chembe. Olivini ina nyufa za ovyo zilizopinda, na mara nyingi kwenye hizo nyufa na pembeni imegeuka rangi ya kutu, hiyo ni idingsaiti. Ojaiti ina mipasuko iliyonyooka, iliyokatwa kwa kukingama inaonyesha seti mbili zinazokutana karibu nyuzi 90, iliyokatwa kwa urefu inaonyesha seti moja na hiyo ndo ya kupimia: panga mipasuko sambamba na uzi wa wima kwenye lenzi ya jicho, rudisha analaiza, zungusha mpaka chembe izime (iwe nyeusi), soma nyuzi ulizozungusha. Pima chembe kadhaa uchukue pembe kubwa kuliko zote, ojaiti itakupa kama 35 hadi 48. Na usihukumu kwa chembe moja, maana hata olivini kuna upande ikikatwa inatoa kijivu tu.

lava_baridi: Hizo nyeusi nazo zitazame bila analaiza. Zikibaki nyeusi ni magnetaiti au ilmenaiti, hazipitishi mwanga, kuzitofautisha mpaka upate maikroskopu ya mwanga wa kuakisi. Zikiwa kahawia huenda ni kioo, yaani lava iliyopoa haraka fuwele zikakosa muda wa kuota. Ila ukiona duara safi lisilo na rangi wala chochote ndani, hilo ni tundu la gesi limejaa gundi ya kubandikia kipande, si madini.