Wakuu, RMS yangu (wastani wa makosa ya kupachika ramani) ni sifuri lakini barabara inaingia mtoni. Nifanyeje?

Mchora_Mpaka:
Habari zenu wakuu. Nimekwama, na usingizi umenipaa kabisa. Nina ramani ya zamani ya karatasi, skeli ya 1:50,000. Nimeiingiza QGIS, programu ya kuchorea ramani, ili niipachike kwenye koodineti zake, kisha nichore mpaka wa msitu unaoonekana humo. Nilichukua pointi za udhibiti 14 (mahali ninapojua koodineti zake), nikachagua polinomia ya kwanza, ile hesabu rahisi ya kuipachika picha, na RMS ikatoka 0.000. Nikashukuru Mungu. Sasa nikiilaza juu ya picha ya setilaiti, kusini-magharibi kila kitu kimekaa pake: daraja juu ya daraja, njia panda juu ya njia panda. Nikisogea kaskazini-mashariki, barabara ya kwenye ramani inatumbukia mtoni na kufuata maji kwa kitambo kirefu. Nimepima, imehama karibu mita 900. Hii picha ya setilaiti ndiyo mbovu? Naibadilishaje? Natakiwa kukabidhi kesho asubuhi.

Bi_Kontua:
Pole sana. Picha ya setilaiti iache, haikosei kiasi hicho. Umeweka datamu gani, yaani msingi wa kuhesabia koodineti? Ramani za zamani hazikuchorwa kwa WGS 84, datamu ya GPS. Kuna za NAD27, za ED50, za Arc 1960, inategemea zilichorwa wapi. Ukisoma namba za pembezoni mwa karatasi ukaziandika kana kwamba ni za WGS 84, ramani inahama. Kwa Arc 1960 ni kama mita 300 hivi. Soma yale maandishi madogo chini ya ramani.

Mzee_wa_Theodolaiti:
Bi Kontua umesema vyema, ila datamu ikikosewa ramani huhama yote kwa pamoja. Huyu kijana kona moja imetulia. Mnanikumbusha mbali. Kabla ya Mei 2000 Wamarekani walikuwa wakiyavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS tunayotumia sisi raia, na kifaa cha mkononi kiliweza kukutupa hadi mita 100. Nilikuwa naketi juu ya jiwe moja, naandika namba kila dakika, na kila dakika jiwe "limehama". Walipoondoa ule uvurugaji namba zikatulia siku hiyo hiyo. Nilimwita msaidizi wangu aje ashuhudie, tukabaki tunakitazama tu kile kifaa.

Kona_Nne:
Mchora_Mpaka, nijibu mawili. Hizo pointi 14 zimekaa wapi kwenye ramani? Na picha yenyewe imetoka kwenye skana?

Mchora_Mpaka:
Zimesambaa vizuri. Picha ni safi, hata majina madogo ya vijito yanasomeka. Bi Kontua, datamu nimeweka ile ile iliyoandikwa kwenye ramani, nimehakiki mara mbili. Nilichokuwa nafikiria ni kutumia TPS, njia inayoivuta picha kama mpira, niongeze pointi kadhaa kule kaskazini-mashariki barabara irudi pake. Nimeshajaribu kidogo, inarudi.

Chapa_Kazi:
Tumia TPS mkuu, mimi ndiyo yangu. Ila kwenye kuhifadhi, kwa njia ya kujaza rangi za pikseli, chagua "jirani wa karibu", usichague kyubiki. Kyubiki inachanganya rangi za pikseli zinazopakana, mwisho mistari ya kontua inakuwa na ukungu. Kwa ramani ya rangi chache jirani wa karibu hana mpinzani.

Bi_Kontua:
Chapa_Kazi, usimpoteze mwenzio. TPS inapita juu ya kila pointi uliyoipa, hata ile uliyobofya kimakosa. Ni kama kitambaa kilichobanwa kwa pini: penye pini pametulia, kati ya pini na pini pamejivuta na hakuna namba itakayokuonyesha. Kama hujui kwa nini imehama, TPS inaficha tu.

Msoma_Alama:
Labda barabara imeenda kuoga, mwacheni, itatoka yenyewe.

Hesabu_Kwanza:
Mtanisamehe, mimi huu uzi siuamini. Polinomia ya kwanza ina namba 6 za kutafutwa. Kila pointi inaleta milinganyo 2, kwa hiyo pointi 14 ni milinganyo 28. Milinganyo 28 ikubaliane juu ya namba 6 bila mabaki (kiasi ambacho pointi inakosana na hesabu) hata chembe, kwenye karatasi kuukuu, kwa mkono wa mtu anayebofya kipanya? Haitokei. Ama kisa kimetungwa, ama kuna jambo tunafichwa. Watu wazima tumeacha kazi zetu tunamjibu mtu ambaye pengine hana hata hiyo ramani.

Chapa_Kazi:
Duh, kweli bwana. Sikupiga hiyo hesabu.

Kona_Nne:
Tusimwite mwongo kabla hajajibu. Mchora_Mpaka, tuwekee jedwali lako la pointi kama lilivyo sasa hivi, na utuambie picha ilipatikanaje. Mara ya kwanza hukunijibu.

Mchora_Mpaka:
Sijatunga. Nilianza na 14 kweli. RMS ilikuwa pikseli 13 na ushee, nikaona ni aibu. Nikatazama jedwali, yenye mabaki makubwa kuliko zote nikaifuta. RMS ikashuka. Nikafuta nyingine, ikashuka tena. Nikaendelea hivyo hivyo mpaka zikabaki 3, ndipo ikawa sifuri. Zote 3 ziko kusini-magharibi.

Na picha si ya skana. Ramani imetundikwa ukutani ndani ya fremu ya kioo, na mwenyewe hakukubali itolewe. Nikisimama katikati taa inamulika kwenye kioo, hivyo nikapiga kwa simu nikiwa nimesimama upande wa kushoto. Lakini kamera yangu ni nzuri jamani, haijayumba hata kidogo. Halafu mpaka nimeshauchora, na rasimu mkuu wangu aliipokea jana. Ndiyo maana sitaki kuanza upya. Nataka kuinyoosha ile kona tu.

Hesabu_Kwanza:
Basi naomba radhi kwa neno la kutunga. Sasa inaeleweka: pointi 3, milinganyo 6, namba 6. Hapo sifuri ni lazima itoke, hata ungebofya umefumba macho. Hiyo sifuri haisemi kwamba umepatia, inasema hakuna pointi iliyobaki ya kukupinga.

Kona_Nne:
Na zile 11 ulizozifuta ndizo zilizokuwa zinakwambia kweli. Picha ya kusimama upande ina ugonjwa wake: upande wa karibu unakuwa mkubwa, wa mbali unabanwa. Polinomia ya kwanza inajua kusogeza, kuzungusha, kuvuta na kulaza, lakini mistari iliyo sambamba inabaki sambamba. Yako haiko sambamba tena. Fanya jaribio dogo. Kwenye skeli hiyo mraba wa gridi wa kilomita 1 ni sentimita 2 za karatasi, na yote ilichorwa sawa. Pima upana wa mraba mmoja wa kushoto kabisa na mmoja wa kulia kabisa, ni pikseli ngapi?

Mchora_Mpaka:
Kushoto 118. Kulia 109.

Kona_Nne:
Umeona. Tofauti hiyo ni ndogo kwa mraba mmoja, lakini inajikusanya mraba baada ya mraba, ukifika ng'ambo umepoteza karibu kilomita. Chagua projektivu, hesabu inayonyoosha picha iliyopigwa kwa upande. Uchache wake ni pointi 4, wewe weka 15 au zaidi, na uchukue makutano ya gridi, si pinde za mto, maana mto huhama. Anza na kona zote nne, kisha pembeni, kisha katikati. Weka kando makutano mengine 5 usiyoyaingiza kwenye hesabu, uje uyatumie kupimia. Mikunjo ya karatasi projektivu haiiondoi, kwa hiyo usitegemee sifuri. Kwa skeli hii nusu milimita ni mita 25, ukiipata hiyo umefanya kazi.

Bi_Kontua:
Na rasimu irudishwe. Mita 900 si kona ya kunyoosha, mdogo wangu. Ni shamba la mtu kuingizwa msituni, au msitu kutolewa nje. Atakayekuja kusimika nguzo atafuata mstari wako, hataiona ile fremu ya ukutani.

Mchora_Mpaka:
Lakini nikisema nilikosea, kazi inayofuata sipewi.

Mzee_wa_Theodolaiti:
Mwanangu, mimi nimewahi kung'oa nguzo 7 nilizozisimika mwenyewe, wenye mashamba wakinitazama. Piga simu usiku huu.

Mchora_Mpaka:
Nimerudi. Projektivu, pointi 16, RMS pikseli 2.6. Yale makutano 5 ya kupimia, lililokosa zaidi limekosa mita 31, na liko pale karatasi ilipokunjwa. Barabara imetoka mtoni. Mpaka wangu wa jana nimeulaza juu ya huu mpya, na upande wa mashariki haigusani hata mahali pamoja. Nimempigia mkuu hakupokea, nimemwandikia aiweke kando ile rasimu na nimemweleza sababu. Ujumbe umefika, bado hajausoma.