Wiki ya 7, kichefuchefu, na jogging ya Jumamosi: niendelee au niache?

kimara_mwisho29

Habari za usiku wapendwa. Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nje, maana ndani mume wangu anakaanga samaki na humo mimi siwezi kuvuta pumzi.

Nina miaka 29, naishi Kimara, nauza vitenge Kariakoo. Hedhi yangu ya mwisho niliiona mwishoni mwa Novemba, kwa hiyo kwa hesabu za kliniki hii ni wiki ya 7. Kipimo cha mkojo kilitoa mistari miwili, nikarudia kesho yake, ikatoka miwili tena. Anayejua ni mume wangu, na sasa nyinyi.

Kichefuchefu changu si cha asubuhi kama nilivyokuwa nasikia. Kinaanza saa tisa alasiri na hakiniachi mpaka nipitiwe na usingizi. Mate yananijaa mdomoni hadi dukani nakaa na kopo chini ya meza; wateja nimewaambia naumwa jino. Matiti yanauma hata nikivaa kanga tu. Na mwendokasi ndio balaa lenyewe: Kimara naingia mzima, tukifika Magomeni nimeshanusa makwapa ya basi zima. Juzi nilishuka kabla ya kituo changu, nikatapikia kwenye mfuko wa andazi, nikapanda basi la nyuma.

Sasa mbio. Mwaka wa nne huu niko kwenye klabu ya jogging ya mtaani kwetu. Kila Jumamosi saa kumi na mbili kasoro, fulana za njano, mmoja anaanzisha wimbo, sisi tunaitikia, hadi Ubungo na kurudi. Mwaka huu nilijiandikisha na nusu marathoni ya Moshi, ile ya mwisho wa Februari, kilomita 21, na hela nimeshalipa.

Tatizo ni hili. Mwaka jana mwezi wa tano mimba yangu ya kwanza ilitoka ikiwa na wiki 9. Shangazi yangu mmoja, mimi bado niko kitandani, alisema mbele ya wageni: "Ndiyo hizo mbio zake." Hospitali niliyosafishwa niliuliza sababu, nikajibiwa "hutokea", nikaelekezwa dirisha la malipo. Kwa hiyo nimekaa na neno la shangazi miezi yote hii, sina jingine la kuliweka pembeni yake.

Jumamosi iliyopita nilijificha ndani. Klabu ilipita barabarani ikiimba, nikalia kama mtoto. Nikienda naogopa. Nisipokwenda usingizi hauji, choo kigumu, na mwenyekiti ameshaanza kuuliza.

Naomba mnijibu bila kunionea haya: ni mbio zilizoitoa ile ya kwanza? Naweza kukimbia kiasi gani? Na nyinyi mnaofanya kazi ya kusimama, kichefuchefu mlikiwezaje? Dawa za mizizi tafadhali msinielekeze.

---

bibi_wa_lushoto

Mwanangu hongera, Mungu akulindie. Mimi nimezaa sita. Mimba changa haitikiswi. Mbio acha kabisa mpaka utakapomaliza arobaini, hakuna fulana ya njano yenye thamani ya mtoto. Kwa kichefuchefu, usiinuke kitandani na tumbo tupu. Weka kiazi kitamu kilichochemshwa jana yake au mkate mkavu hapo kichwani pako, utafune ukiwa bado umelala, ukae kidogo, ndipo uteremshe miguu. Na pemba kidogo, ule udongo wa kutafuna, inakata mate. Usimwambie mtu kwa sasa, macho ya watu hayafanani.

---

mkunga_zamu_ya_usiku

Niko kazini na wodi imetulia, nitaandika hadi nitakapoitwa.

Naanza na shangazi. Faili lako sijaliona, lakini mimba zinazotoka kabla ya wiki 12, nusu yake na zaidi ni kwa kuwa kromosomu, zile zinazobeba urithi wa baba na mama, hazikupangika vizuri tangu yai na mbegu zilipokutana. Ungelala chali miezi mitatu ukilishwa kwa kijiko, ingetoka vilevile. Jogging ya mtu aliyeizoea haitoi mimba iliyo nzima. Ulistahili kuambiwa hivyo siku ile, na naona aibu kwa niaba ya wenzangu kwamba hukuambiwa.

Bibi wa Lushoto shikamoo. La kiazi umesema kweli tupu, mimi mwenyewe nalifundisha. La kutotikiswa naomba tutofautiane. Mjamzito asiye na tatizo anashauriwa na Shirika la Afya Duniani apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Aliyekuwa akikimbia tangu zamani anaweza kuendelea, akipunguza kadiri mwili unavyomwambia. Hata hilo la choo kigumu, kutembea kunasaidia, pamoja na maji na papai.

Ila wewe una historia, kwa hiyo usianze na mimi, anza na kliniki. Hudhurio la kwanza linatakiwa kabla ya wiki 12, na wewe ningekutaka wiki hii hii. Watapima damu, kundi la damu, presha, mkojo, VVU, kaswende. Omba na utrasaundi, ionekane mimba imekaa ndani ya mfuko wa uzazi na moyo unapiga. Waambie wazi kwamba wewe ni mkimbiaji, usiwafiche. Wakisema hakuna tatizo, rudi kwenye klabu.

Kiasi gani? Kipimo tunachofundisha ni kwamba uweze kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi. Klabu inayoimba imeshakupa kipimo bure: siku ukishindwa kuitikia wimbo, umezidisha, tembea. Ninachokihofia kwako zaidi ya mbio ni joto la Januari hapo Dar. Viungo vya mtoto ndiyo vinaumbwa sasa, na mwili kuchemka sana wiki hizi si kitu kizuri. Uondoke alfajiri, uwe na chupa ya maji mkononi, jua likianza kuuma uwe umesharudi. Ile ya Moshi nakushauri uiache. Utakuwa na wiki ya 13 na umetoka kwenye mwezi mzima wa kula kwa shida.

Halafu kuna jambo hukuliuliza. Dukani kwako marobota ya vitenge nani anayashusha? Nani anapanda ngazi kufuata majora ya juu? Akina mama wananiuliza juu ya mbio na mpira wa pete, hakuna anayeniuliza juu ya robota, kwa sababu robota hakuna shangazi aliyewahi kulilaumu. Hilo mpe kijana wa duka kuanzia kesho.

Kichefuchefu: homoni ya mimba inapanda hadi kilele chake kati ya wiki ya 8 na ya 11 hivi, kwa hiyo kinaweza kuongezeka kabla hakijapungua. Wengi wanapumua wiki ya 12 hadi 14, wachache wanakwenda mbali zaidi. Na si kudeka. Mwaka 2023 watafiti walionyesha kwamba kuna homoni inaitwa GDF15, inatoka kwenye kondo la nyuma, na mwanamke ambaye mwili wake haukuwa umeizoea kabla ya mimba ndiye anayeumwa zaidi. Kwa kuwa chako kinaanza saa tisa, usingojee saa tisa. Kuanzia saa tano kula kidogo kila baada ya saa mbili: karanga, ndizi, yai la kuchemsha, muhogo wa kuchemsha. Maji kunywa kati ya mlo na mlo, si pamoja na chakula.

Vidonge vya kuongeza damu vikikuchefua, meza usiku unapolala, kwa maji au juisi ya ndimu, si kwa chai. Chai inazuia madini chuma yasiingie mwilini. Lakini usiache kabisa, asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, unaihitaji sasa kuliko mwezi wowote ujao.

Pemba hapana, bibi unisamehe. Udongo ule unaweza kuwa na madini ya risasi na mayai ya minyoo. Hamu yake ikikushika sana, kapime wingi wa damu, mara nyingi ni mwili unalilia chuma.

Mambo ya kukimbilia hospitali bila kungoja asubuhi: damu inayotoka, maumivu makali ya tumbo hasa upande mmoja, kizunguzungu cha kuanguka, maumivu ya begani usiyoyaelewa, kutapika hata maji siku nzima, mkojo mchache wenye rangi ya chai ya rangi. Homa nayo usiseme "ni mimba tu", kapime malaria siku hiyo hiyo.

Naitwa. Kila la heri.

---

baba_wawili_tegeta

Mimi mwanaume, msinifukuze. Shemeji, huyo bwana mwambie samaki akakaangie uani. Mke wangu mimba ya kwanza alichukia vitunguu, mafuta ya nywele na mimi, kwa mpangilio huo. Sabuni niliyoogea tangu sekondari niliacha. Mboga nilikuwa naunga saa nne asubuhi yeye akiwa kazini, madirisha wazi, akirudi jioni anakula ikiwa imepoa. Chakula kilichopoa hakina harufu kali, jambo hilo hakuna aliyeniambia, niligundua kwa kufukuzwa mezani.

Mazoezi tulitembea wote, dakika ishirini baada ya chakula cha usiku, mtaani hapa hapa. Wiki mbili za kwanza alikuwa ananinunia njia nzima. Sasa mtoto wa pili ana miaka mitatu na bado tunatembea.

Kuhusu mwendokasi: kituo cha mwanzo ni kwenu Kimara, subiri basi tupu ukae dirishani. Ukichelewa dakika kumi bosi atakufokea, lakini hutatapikia mfuko wa andazi.

---

shoga_wa_nyali

Dadangu pole, nakuandikia kutoka Mombasa. Nilikuwa nimesimama siku nzima kwenye duka la dawa, na harufu za dawa nimekwambia ni mtihani. Nilikata ndimu nikaifunga kwenye ncha ya leso, ikinijia naivuta puani. Tangawizi mbichi nilisaga kidogo kwa maji moto, si mdalasini na iliki na mbwembwe zote, ni tangawizi peke yake. Ilipunguza, haikumaliza.

Matiti: vaa sidiria mbili ukienda mbio, ya kawaida ndani na ya mazoezi juu. Mimi nilitembea Mama Ngina kila jioni upepo wa bahari ukinipiga usoni, na siku upepo umetulia narudi nyumbani, siendi kushindana na jua.

Nilipomwambia mamangu kwamba Serena Williams alichukua Australian Open Januari 2017 akiwa na mimba ya miezi miwili hivi, na hakupoteza hata seti moja, aliniangalia akaniuliza, "Na huyo Serena, akimaliza anakwenda kuchota maji?" Sikuwa na jibu. Lakini kuanzia siku ile ndoo alichota yeye.

---

kimara_mwisho29

Nimerudi, ni wiki mbili sasa. Nilichelewa kwa sababu jibu la mkunga nililisoma nikazima simu, nikalia, nikalala. Asante dada. Nimelisoma tena mara nyingi.

Kliniki nimekwenda. Damu 11.2, malaria hakuna, presha nzuri. Utrasaundi niliingia nimefumba macho. Mama wa mashine akaniambia, "Fumbua basi, mtu mwenyewe huyu hapa," na kweli pale katikati pana kitu kidogo kama punje ya maharage kinachopepesa. Aliponiambia nivae nilikuwa bado nakitazama. Daktari nilimweleza mbio zote hadi ya Moshi. Akasema pole pole ruksa, Moshi hapana, na damu ikionekana hata tone nisimame na nije.

Nafasi ya Moshi nilijaribu kumpa mwenzangu, ikashindikana, hela imekwenda na maji. Imeniuma kuliko nilivyotarajia.

Mwenyekiti wa klabu nilimwambia ukweli, yeye tu. Ni mama wa watu wazima, hakushangaa hata kidogo, akasema alishanijua siku nilipokataa supu. Amenipa kazi ya kubeba filimbi nyuma ya msafara pamoja na wazee. Jumamosi tulitoka saa kumi na moja na nusu. Nusu ya njia nilikimbia, nusu nilitembea, na nyimbo zote niliitikia. Karibu na kituo cha Korogwe, hapa hapa Kimara, nilitapika mtaroni. Muuza magazeti akaniletea maji kwenye kikombe cha chai bila kuuliza kitu.

Marobota anashusha kijana. Alilalamika, nikamwambia ni mgongo. Samaki wamehamia uani. Chakula baridi cha baba wawili ni uvumbuzi, ugali sijauweza bado ila wali uliopoa unashuka. Shangazi bado hajui, na atakapojua nitamwachia simu asome mwenyewe hapo juu kwa mkunga.

Limebaki hili la mate. Kopo la kwanza limetoboka, niko la pili. Linaisha lini?

---

bibi_wa_lushoto

Mimi ya mtoto wa nne yaliisha siku niliyojifungua. Nunua kopo lenye mfuniko.