Mume hataki tukae tuuangalie mwaka ulivyokwenda. Nimsukume au nimwache?

Habari zenu wakuu, poleni na joto la Disemba.

Tunaishi Tabata, tuna watoto wawili. Tangu tuoane, kila Disemba kabla hatujasafiri, watoto wakishalala tunakaa na daftari. Tunaangalia tulichopanga Januari, kilichowezekana na kilichokwama. Kiwanja cha Chanika kilianzia kwenye daftari hilo, na mdogo wake kuja kusoma kwetu pia.

Mwaka huu hataki. Mwezi wa nane kazini kwake walipunguza watu, na yeye akawemo. Sasa anashinda Kariakoo kwa rafiki yake kwenye duka la vipuri, na anachopata analeta nyumbani. Sina lawama naye hata kidogo. Ila nikigusa daftari ananiambia, "Mama Junior, yaliyopita si ndwele," halafu anavaa ndala anatoka nje. Sasa hayo yajayo tutayagangaje wakati sijui madeni yamefika wapi? Kodi ya miezi sita inaisha Januari, Junior anaingia kidato cha kwanza, na kwa wakwe zangu Rombo wanatusubiri Krismasi.

Halafu mwezi wa nne tulimzika baba mkwe. Mzee ndiye aliyekuwa anasimamia mbuzi akichinjwa na kugawa nyama, kila mtu na sehemu yake. Mume wangu ndiye mtoto wa kwanza wa kiume.

Naombeni ushauri, hasa wanaume.

Mkazi wa Mbagala: Dada, mwache kwanza. Mwanaume aliyepoteza kazi anajihesabia mwenyewe kila usiku, huhitaji kumwongezea daftari. Januari ikifika mtaongea tu, kodi itawalazimisha.

Baba Wawili: Mkuu hapo juu, sikubaliani nawe. Mimi nilipunguzwa kazi mwaka 2020, mke wangu akaninyamazia kwa huruma. Ule ukimya uliniumiza kuliko kazi yenyewe, nikaona ameshakata tamaa na mimi. Shemeji, ongea naye, ila usianze na hela. Na kama alikuwa anachangia NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, muulize kama alifuatilia fao la kukosa ajira. Aliyechangia angalau miezi 18 na akaachishwa, si kuacha mwenyewe, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa hadi miezi 6. Wengi hawalijui, wengine wanaona aibu kwenda kupanga foleni.

Bibi Kikoba: Mwanangu, nimesoma mara mbili. Habari ya baba mkwe umeiweka mwishoni, lakini mimi naona mzigo uko hapo. Mwaka huu kisu kinamwangukia yeye. Mbele ya wajomba na mashemeji anatakiwa asimame pale aliposimama baba yake, na mfukoni hana kitu. Hilo daftari kwake linasema, "umeshindwa kuwa mzee." Ningekuwa yeye na mimi ningetoka nje.

Kwenye kikoba chetu cha kuweka na kukopa, Disemba tunavunja mfuko na kugawana. Kabla ya hisa na faida, katibu anasoma mfuko wa jamii: nani alifiwa tukaenda, nani alilazwa, nani alijifungua. Watu wanalia, wanacheka, wanashukuru. Ndipo tunafika kwenye mikopo, na hata mwenye deni anakuwa na moyo wa kusema. Anza hivyo. Mwulize mwaka huu umemwendeaje, mzungumzieni mzee. Hela ikisubiri kesho yake haiozi.

Mchaga wa Kimara: Naunga mkono, Mama. Nyongeza: apige simu Rombo sasa hivi aongee na baba mdogo. Baba yangu alipofariki, baba mdogo ndiye alisimama nami kugawa nyama mwaka wa kwanza, na mbuzi tulichangishana wote. Hakuna aliyeniuliza mshahara. Nyumbani hawamtaki na hela, wanamtaka yeye afike.

Mama Junior: Nimesoma huku machozi yananitoka. Bibi, wewe ni mama kweli. Sikuwa nimeviunganisha hivi vitu viwili, nilijua ni kazi tu. Leo sitaligusa daftari. Nitamwuliza habari za mzee, na kuhusu baba mdogo pia. Baba Wawili, hilo fao anaanzia wapi, na miezi minne imeshapita si amechelewa?

Baba Wawili: Aende ofisi ya NSSF ya karibu na barua ya kuachishwa kazi na kitambulisho, wamwambie wenyewe kama bado anastahili. Aende wiki hii kabla ofisi hazijafunga kwa sikukuu. Na kama mnasafiri, tiketi katieni stendi ya mabasi ya Mbezi sasa hivi, zikikaribia tarehe 20 hazishikiki. Mkitoka huko turudishie taarifa, shemeji.