Tupeane uzoefu: cheo chako cha mafunzo kazini kinalingana na kazi unayoifanya?

Wadau, hasa mlio hapa Nairobi, naomba tuelezane ukweli. Barua yangu ya ajira inasema Afisa Mafunzo na Maendeleo. Niko kiwandani, Industrial Area. Siku zangu nyingi huishia kwenye makaratasi ya NITA, mamlaka ya serikali inayosimamia mafunzo ya viwandani. Mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na akipeleka watu kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa anaweza kudai kurudishiwa gharama. Mimi ndiye ninayekusanya orodha za mahudhurio, risiti na vyeti, kisha nafuatilia dai. Ni kazi muhimu, siidharau. Lakini nani afundishwe nini, na kwa nini, sijawahi kuulizwa. Inaniuma, kwa sababu hao mafundi nawajua. Kwenu hali ikoje?

Mdau wa Upper Hill: Kwangu ni kinyume. Kwenye karatasi mimi ni msaidizi wa utawala, ila kozi za mtandaoni za makeshia wapya wa benki yetu natunga mimi. Hukaa nyuma ya kaunta nikiwaangalia wanapokwama. Wengi walikuwa wanahesabu pesa kwanza, sahihi ya mteja wanailinganisha baadaye. Nikatunga somo fupi la jambo hilo moja tu, nikarekodi sauti stoo maana ofisini kuna kelele. Nilipoomba kazi ya kutunga kozi kwingineko, jopo lilisoma cheo, likaniuliza habari za mafaili. Hakuna aliyetaka kuona somo lenyewe.

Mdau wa hotelini, Westlands: Mimi ni Meneja wa Mafunzo na sina hata mtu mmoja chini yangu. Alfajiri niko vyumbani na wahudumu wapya tukitandika vitanda. Hata hivyo cheo kimenisaidia sana. Nikimwomba mkuu wa jikoni aniachie vijana wake kwa saa moja, ananiachia. Aliyenitangulia aliitwa mratibu, na alikuwa akizungushwa wiki nzima. Kwa hiyo msikimbilie kusema cheo ni jina tu.

Mdau wa rasilimali watu: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, inataka mkataba wa maandishi utaje maelezo ya kazi. Yakibadilika, mwajiri ashauriane nawe, arekebishe mkataba na akujulishe kwa maandishi. Andika unachofanya kila mwezi, ukiombee kikao. Usianze na cheo, anza na maelezo ya kazi; hapo ndipo mshahara hujadiliwa.

Mwanzisha mada: Asanteni sana. Mdau wa Upper Hill, kwenye wasifu wako acha cheo kama kilivyo kwenye barua, maana waajiri hupiga simu kuthibitisha. Chini yake taja kozi ulizotunga, na somo la sahihi uliambatishe ikiwa benki itakuruhusu. Walio hospitalini na kwenye mashirika, bado hatujawasikia.