Mstari wa mzuka katika Hamlet: "unhouseled, disappointed, unaneled"

Jukwaa_Chake: Assalaamu alaykum. Kikundi chetu cha skuli hapa Chake Chake kinatafsiri Hamlet, tamthilia ya Shakespeare. Tumekwama kitendo cha 1, onyesho la 5, mzuka wa mfalme unapoeleza alivyouawa. Neno la kati kamusi inasema "kuvunjika moyo", haliingii kabisa. Wenzangu wanataka tuandike "bila shahada" ili watu wafahamu. Inafaa? Na ule moto ambao mzuka anasema anafungiwa humo mchana, ni barzakhi?

Mkunazini: Waalaykumu salaam. La kwanza limetoka kwenye "husel", jina la kale la Ekaristi, yaani Komunyo, mkate mtakatifu wa Wakristo: kafa bila kuupokea. La tatu ndani yake mna "ele", yaani mafuta: hakupakwa mafuta ya wagonjwa. La kati msilisome kwa maana ya leo. Zama zile lilikuwa "hakutayarishwa", na matayarisho ya anayekata roho ni kuungama kwa padri.

"Bila shahada" iacheni. Mtamsilimisha mfalme wa Denmark kwa neno moja, kisha kitendo cha 5 padri aje kumzika Ophelia, mpenzi wa Hamlet, watazamaji wapotee.

Hayo mafuta msiyapite mbio. Zamani padri alimpaka mgonjwa machoni, masikioni, puani, mdomoni, mikononi na miguuni. Claudius, nduguye mfalme aliyemuua, sumu aliimimina wapi? Sikioni, mwenzake amelala bustanini. Pahala pa mafuta matakatifu pametiwa sumu! Mchezaji akifika "sikupakwa" aguse sikio, na asiharakishe.

Pwani_ya_Wete: Barzakhi siyo. Barzakhi inamkuta kila maiti, mwema na muovu, mpaka Kiyama. Moto wa mzuka huyu una muda wake na kazi yake, kuunguza dhambi hadi zitakate. Wakatoliki huita toharani, lakini kwa masikio ya huku tohara ni jando au usafi wa ibada. Andikeni "moto wa kutakasa".

Mstari wenyewe ningeuweka hivi: "Sikupewa Komunyo, sikuungama, sikupakwa mafuta." Kiingereza kinapiga kanusho tatu mfululizo, na "siku-" inalipa pigo hilo hilo. Asiyejua Komunyo ni nini ataokolewa na mstari unaofuata: mzuka unasema umepelekwa kwenye hesabu yake na makosa yote kichwani. Tumieni "hesabu" hiyo hiyo, Pemba nzima inaijua.

Jukwaa_Chake: Ahsanteni sana. Mwalimu anauliza, tukiufuta mstari huu kupunguza muda, kuna hasara?

Mkunazini: Kubwa. Kitendo cha 3, onyesho la 3, Hamlet, mwana wa mfalme aliyeuawa, anamkuta Claudius amepiga magoti anasali. Upanga uko mkononi, anaurudisha. Akimuua katika sala, muuaji ataingia peponi, na baba yake aliuawa bila hata nafasi ya kutubu. Mkiufuta mstari wa mzuka, watazamaji watamuona Hamlet muoga tu. Kateni salamu za walinzi mwanzoni, huu ubakie.